Oili ya gia boksi ya gari dogo: ipi ununue Kigoma, ipi uiache dukani

Panda na Toyota IST kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, abiria wanne ndani na gunia la mchele kwenye buti, ndipo utaijua oili uliyonayo kwenye gia boksi. Kwenye tambarare oili mbaya hujificha. Kwenye mwinuko wa Barabara ya Lumumba injini inapiga kelele huku gari linajivuta, gia inaingia kwa kishindo, na dereva anaanza kuzilaumu plagi.

Mimi nilijifunza kwa pesa yangu. Nilikuwa na Vitz ya toleo la pili, 1300, na muuzaji mmoja wa spea aliniambia, "Kaka, nyekundu zote ni moja." Nikanunua. Wiki ya pili, nikipandisha milima ya kwenda Manyovu, gari likaanza kutetemeka kama lina homa. Gia boksi yake ni CVT, na mimi nilikuwa nimeitilia oili ya otomatiki ya kawaida. CVT haina gia za meno kama tulivyozoea. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda huo ushike. Ukitia oili nyingine, mkanda unateleza na kukwangua puli. Kumwaga na kutia oili sahihi huenda kukakuokoa ukiwahi. Ukichelewa, utanunua gia boksi nzima.

Wekundu wenyewe ni rangi tu iliyotiwa ili ikivuja usidhani ni oili ya injini. Hauonyeshi ubora wala aina. Hata ile haidroliki ya usukani mara nyingi ni nyekundu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fungua boneti utafute kibati cha maelezo ya gari. Kwenye Toyota ndogo za Japani kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Ukikuta namba inayoanza na herufi U, hiyo ni otomatiki ya kawaida, kama U340E ambayo ni ya gia nne. Ikianza na K, ni CVT. Ikianza na C, ni gia za mkono. Usikisie kwa jina la gari: IST ya kwanza, NCP60 na NCP61, ni otomatiki ya kawaida, ila IST ya baadaye ya NCP110 ni CVT. Jina moja, oili mbili.

Sasa tupange, tukianza na otomatiki ya gia nne, maana ndiyo imejaa mjini hapa.

Namba moja kwangu ni oili ya Toyota yenyewe iliyoandikwa Type T-IV, kwenye kopo lililofungwa. Inaumiza mfuko, lakini gia boksi ya IST ya kwanza iliundwa nayo. Muuzaji akikupa WS, oili nyingine ya Toyota, akisema ndiyo mpya zaidi, mrudishie. WS ni nyepesi zaidi, na Toyota haikubali moja ichukue nafasi ya nyingine.

Namba mbili ni AFW+, oili ya Aisin inayofaa magari mengi. Aisin ndio watengenezaji wa gia boksi nyingi za Toyota, na kopo lao linataja T-IV. Ningeitia kwenye gari langu bila kusita, na kwa mwenye mchomoko (gari dogo la abiria) wa Kasulu anayebadilisha mara kwa mara, huenda ndiyo yenye hesabu nzuri kuliko zote.

Namba tatu, kwa mbali, ni Dexron III ya chupa ya lita moja. Itie kwenye usukani kama kifuniko kinaikubali, au kwenye gari la zamani linaloitaja. Kwenye IST ya kwanza itasukuma gari, lakini ubadilishaji wa gia utakuwa mkavu. Ya mwisho ni ile ya kupima kwenye chupa za maji. Hiyo hata usiiulize bei.

Kwenye CVT hakuna kupanga: Toyota ni CVTF TC au FE kufuatana na mwaka, Nissan ni NS-2 au NS-3, na Honda Fit ya kwanza ni HMMF. Soma kitabu cha gari, au kijiti cha kupimia kama kipo, ununue hiyo hiyo. Gia za mkono nyingi zinataka 75W-90 yenye daraja la GL-4. GL-5 nyingine hula shaba ya sinkro, pete zinazolainisha uingiaji wa gia.

Dukani angalia sili, omba risiti ya EFD, na ulikague kopo kwenye mwanga. Maandishi yanayofutika kwa kidole yanatosha kukuondoa hapo.

Kwa otomatiki ya gia nne, kiasi cha kununua ni lita nne. Ukifungua nati ya chini ya kumwagia oili zinatoka takriban tatu, karibu nusu ya iliyomo, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya torque converter, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi. Mpe fundi chupa yenye alama apime iliyotoka, atie kiasi hicho hicho. Iliyotoka ikiwa ya rangi ya maziwa na chai, maji ya rejeta yameingia, na kabla ya oili kuna kazi nyingine. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua na gari tayari linateleza, oili mpya haitaliponya. Ikiwa ya kahawia tu, rudia zoezi baada ya kilomita elfu moja. Kwa milima yetu mimi hubadilisha kila kilomita 40,000.

Kupima: gari limepata moto, liko sehemu tambarare, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta. Pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe kijiti. Soma alama ya HOT. Ikizidi hapo, ipunguze, kwa sababu ikizidi hupigwa mpaka ikatoa povu, na povu halisukumi gia.