Jokofu la chanjo la sola lisilo na betri: zuri, ila lina masharti yake

Waliowahi kutunza chanjo kwa jokofu la mafuta ya taa wanajua adha yake: utambi ukianza kutoa moshi joto linapanda, ukiongeza moto usiku chanjo zinaganda. Ya gesi yalisubiri mtungi ufike. Sola za mwanzo zilikuja na betri zilizokufa baada ya miaka michache, na kwa kuwa hakuna aliyetenga fedha za kununua nyingine, jokofu likabaki kabati la mafaili.

Hili halina betri kabisa. Mchana paneli huendesha kompresa, na kompresa hugandisha maji yaliyofungiwa kwenye kuta. Usiku barafu hiyo ndiyo inayoshikilia nyuzijoto 2 hadi 8. Ili lipitishwe na WHO, ni lazima lihimili angalau siku 3 bila jua la maana.

Unaponunua, dai daraja A la kinga dhidi ya kuganda, yaani chanjo zisigande hata mhudumu akipanga vikapu ovyo. Hapa usibane matumizi. Wengi huogopa joto, ilhali chanjo za Penta (ya magonjwa matano kwa pamoja), PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya shingo ya kizazi) na Td (ya pepopunda na dondakoo) zikiganda mara moja tu zimeharibika, na zikiyeyuka unaweza usione tofauti yoyote kwa macho. Kibandiko cha VVM, kile cha kwenye kichupa kinachobadilika rangi, hakitakusaidia: chenyewe hupima joto, hakijui kuganda. Ukiwa na shaka, gandisha kichupa kimoja cha aina na bechi ileile usiku kucha, kiyeyushe, kisha ukitikise pamoja na unachokishuku na uviweke mezani. Mashapo ya kinachoshukiwa yakituama haraka sawa na ya kile ulichogandisha, usimchome mtoto.

Hitilafu nyingi tunazokutana nazo ni za ufungaji, jokofu lenyewe halina kosa. Kwa Tanzania paneli zitazame kaskazini, na mwinamo usipungue digrii 10 ili mvua ioshe vumbi. Tawi moja la mwembe likitupa kivuli saa nane mchana linatosha kudhoofisha mfumo mzima. Kosa jingine ni fundi kurefusha waya kwa waya mwembamba wa dukani: umeme unapungua njiani, na utasikia kompresa ikijaribu kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Baada ya kufunga, liache tupu siku kadhaa hadi joto litulie ndipo uingize chanjo. Na simu zisichajiwe hapo, isipokuwa jokofu limekuja na kifaa chake cha kuchepusha umeme wa ziada.

Udhaifu mkubwa ni kwamba miundo mingi haigandishi vipande vya barafu vya kubebea chanjo. Zahanati yenye huduma ya mkoba, yaani kufuata watoto vijijini na kuwachanja huko, inunue muundo wenye sehemu ya friza, la sivyo muuguzi atafuata barafu kituo cha afya kila siku ya kliniki.

Kipimajoto kinachotunza kumbukumbu za siku 30 kama Fridge-tag 2 kiwepo, kisomwe asubuhi na jioni. Kitaonyesha alama ya hatari joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi −0.5 kwa dakika 60.

Kituo kinachopata umeme wa gridi kwa saa 8 au zaidi kila siku kisihangaike na sola. Jokofu la umeme lenye kuta za barafu litakifaa, tena kwa bei ndogo zaidi.