Wasimamizi wa nyumba ya kupangisha: kodi safi, matengenezo mmh

Hawa jamaa niliowapa apatimenti yangu waisimamie, ile niliyonunua kwa mkopo wa benki, kwenye kukusanya kodi wako vizuri sana aisee, hela inaingia kabla tarehe ya rejesho haijafika na stetimenti inaonyesha nani kalipa nani bado. Kamisheni wanakata kwenye kodi iliyokusanywa, sio inayotarajiwa, hapo nimewapenda maana nyumba ikikaa tupu na wao hawali. Shida matengenezo, fundi wao bei iko juu kinoma na risiti mpaka ukumbushie. Riba ya mkopo ikipanda, rejesho nalo likapanda, ndo utaona hela ya kutengeneza bomba inavyouma. Nyota tatu. Ukiwachukua weka kiwango cha gharama ya matengenezo kwenye mkataba, ikizidi hapo wasiguse kitu bila ruhusa yako.