Vidonge vya Kitibeti vya ini: uzoefu wangu Dharamsala

Nasoma Chandigarh, India. Vipimo vilipoonyesha nina mafuta kwenye ini, daktari wa hospitali alinipangia chakula na mazoezi, akataka nirudie vipimo baadaye. Rafiki yangu Mtibeti akanishauri niende pia Men-Tsee-Khang, Dharamsala. Chuo hiki cha tiba ya Kitibeti kilianzishwa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1916, kisha Watibeti walioko uhamishoni wakakianzisha upya India mwaka 1961.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyonichunguza. Tabibu alinishika mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu na huu, bila haraka yoyote. Nilikuwa nimebeba mkojo wa kwanza wa asubuhi. Akaukoroga kwa kijiti, akatazama rangi na povu. Kisha maswali: nalala saa ngapi, nakula nini, nakasirika upesi? Kwao ini linaendana na tripa, yaani nyongo na joto la mwili, kwa hiyo kabla hajaandika dawa alinikataza pombe, vya kukaanga na pilipili.

Akanipa Gurgum 13, mchanganyiko wa viungo 13 ambao kinara wake ni zafarani. Vidonge ni vya mviringo, vikavu, vigumu kama kokoto. Unavitafuna au kuvitwanga, ukashushia maji ya moto. Ni vichungu kwelikweli, na uchungu wenyewe haubanduki ulimini!

Tumbo limeacha kujaa gesi na hamu ya kula imerudi. Vipimo vya damu navyo vimeshuka, ila chipsi na soda nimeziacha kabisa, kwa hiyo sifa zote siwezi kuvipa vidonge.

Ndugu zangu, daktari wa hospitali nilimweleza kila ninachotumia, kwa sababu dawa ya mitishamba nayo inapita kwenye ini hilohilo linaloumwa. Mwenye homa ya ini B asiache dawa zake kwa ajili ya hivi. Na vile vidonge vyao vya thamani vinavyofungwa kwenye kitambaa cha hariri, baadhi huwekwa zebaki iliyosafishwa kwa njia zao, mimi sikuvigusa. Vya kuagiza mtandaoni bila kuonana na tabibu sivishauri hata kidogo.

Ukienda, fika mapema na ubebe majibu yako ya hospitali. Tabibu wangu aliyasoma yote.