Smuts na van Deventer: njia mbili za kumchosha Lettow-Vorbeck

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza Afrika Mashariki, alipima mafanikio yao kwa ardhi: Moshi, Morogoro na Dar es Salaam zilitekwa, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi nyuma na jeshi lake likiwa bado na nguvu, huku farasi wa Smuts wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o na wapagazi (wasiohesabiwa katika ushindi wowote) wakifa kwa njaa na maradhi.

Van Deventer, aliyekuja kuwaongoza Waingereza mwaka 1917, alililenga jeshi lenyewe la Wajerumani na akiba zake za chakula. Huko Mahiwa, mwezi Oktoba, Waingereza walipoteza watu wengi zaidi. Hata hivyo Wajerumani, wasio na wa kuziba mapengo, walilazimika kuvuka mto Ruvuma na kuikimbia koloni yao mwezi uliofuata. Njia hii ilikuwa bora, ingawa Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918 tu, baada ya mapatano ya kusimamisha vita Ulaya.