Uzoefu wangu wodi ya watoto njiti: maziwa yangu yalimwagwa kwenye sinki

Hospitali sitaitaja, maana mwanangu bado anahudhuria kliniki palepale na sitaki mtoto alipie mdomo wa mama yake. Itoshe kusema ni hospitali kubwa ya rufaa hapa Dar es Salaam.

Nilijifungua mwaka juzi, kipindi cha masika, mimba ikiwa ya wiki 29. Presha ilipanda ghafla, miguu imevimba, macho yanaona vimulimuli, nikaingizwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Mtoto akatoka na gramu 1,050. Shika pakiti ya sukari ya kilo moja mkononi, ndiyo mwanangu alivyokuwa. Habari za mashine nisiwachoshe nazo. Zilikuwepo na zilifanya kazi. Mimi nina la kusema kuhusu saa tisa ya usiku mmoja.

Ilikuwa siku ya tatu, au ya nne, siku za pale zinachanganyika. Akina mama tunalala chini, watoto wako ghorofani, na kila baada ya saa tatu unapandisha maziwa: saa tisa, saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, usiku na mchana. Njiti wa umri ule hawezi kunyonya. Hajajua kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, kwa hiyo maziwa anapitishiwa kwenye mpira mwembamba unaoshuka hadi tumboni.

Nilianza kukamua saa saba na nusu. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na mapacha kule juu, alinishikia kikombe kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, si nyeupe. Ni ya njano kama samli iliyoyeyuka, na inanata. Tone linatokeza, linaning'inia, halidondoki, inabidi ulikwangue kwa ukingo wa kikombe lisipotee. Saa moja na nusu nzima nikapata ya kufunika kitako cha kikombe tu. Tukaivuta kwa bomba la sindano kuipima: mililita 4. Nilitokwa machozi ya furaha. Siku zilizotangulia nilikuwa napandisha mikono mitupu.

Nikapanda ngazi, mkono mmoja umeshika mshono, mwingine umeshika kikombe. Nilifika saa tisa na dakika ishirini. Sista wa zamu ya usiku akaniuliza:

"We mama, saa hizi ndiyo unakuja?"

Nikamnyooshea kikombe. Akachungulia ndani.

"Hakina jina hiki. Halafu hivi vitone ndivyo unavyosumbulia watu?"

Akageuka, akamwaga kwenye sinki. Dang'a ni nzito, haikimbii kama maji, ikawa inajivuta taratibu kwenye ule weupe wa sinki, naiona. Akafungua koki akaisukuma kwa maji. Kisha akanirudishia kikombe changu.

Sikusema neno. Mpaka leo hicho ndicho kinachoniamsha usiku, kwamba sikusema neno. Ni kweli kikombe hakikuwa na jina. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kiandikwe, na plasta ya kuandikia ilikuwa mezani kwake, mbele ya mkono wake. Angeikata akaibandika. Hata kama hofu yake ilikuwa kuchanganya maziwa ya watoto, hofu ambayo ni ya haki kabisa, mimi mwenyewe si nilikuwa nimesimama pale, nimekileta kwa mkono wangu?

Asubuhi daktari akapita. Kijana, mpole, akafungua faili na kuniuliza, "Mama, usiku hukuleta maziwa?" Nikatazama ile karatasi ya kulishia. Kwenye mstari wa saa tisa pameandikwa kwa kalamu ya bluu: mama hakuleta maziwa.

Hapo ndipo paliponichoma. Kumwaga ningesema ni uchovu, ni hasira za usiku, binadamu anakosea. Lakini kuandika? Anayeandika amekaa, amefikiri, ameshika kalamu. Maziwa ya mama ndiyo yanayomkinga njiti na ule ugonjwa wa utumbo kuoza, wenyewe wametubandikia bango linalosema hivyo ukutani. Kwa hiyo alijua alichomwaga.

Nikisema haki, usiku ule wauguzi walikuwa wawili na watoto niliowahesabu ni 26. Vyombo vinalia kila upande. Jioni yake walikuwa wamempoteza mtoto mmoja, na yuleyule sista ndiye aliyemfunga kwenye khanga na kumkabidhi mama yake. Nililiona hilo kwa macho yangu, siwezi kulificha kwa kuwa nimekasirika.

Na siwezi kumficha sista mwingine, mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mama. Wiki ya pili mwanangu alisahau kupumua. Njiti husahau, ndiyo maana huwekewa dawa ya kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa. Akawa wa bluu mdomoni. Mama yule hakupiga kelele, alimsugua nyayo kwa kidole, taratibu, "amka baba, amka baba", hadi kifua kikainuka. Ndiye pia aliyenifunga mtoto kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, yeye na nepi na kofia tu, na kunisimulia kwamba njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikuwatosha watoto. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mwanangu akikoroma.

Ila hiyo ilikuwa siku ya 12! Baadaye nikasoma mwenyewe kwamba utafiti uliotoka mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano ulikofanyika, ulionyesha kuwa kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Umefanyika humu humu nchini. Sasa siku 12 nilikuwa nangoja nini huko chini, nakamua maziwa ya kumwagwa?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende pale. Siwezi. Ukishikwa na uchungu wa wiki 29, kimbia pale, usisite, mwanangu yuko hai kwa sababu ya pale. Lakini nenda na plasta na kalamu yako. Andika jina, saa na mililita, na usitoke mlangoni mpaka uone wameandika.

Tulikaa siku 47, zaidi ya nusu ya zile siku 84 za likizo yangu ya uzazi, tukatoka na gramu 1,800. Miezi kadhaa baadaye, tukiwa kliniki, yule sista wa usiku akapita kwenye korido. Akasimama, akamfinya mwanangu shavu. "Huyu amekuwa bonge! Hongera mama." Hakunikumbuka kabisa. Nikamwambia, "Asante, sista." Midomo ilisema yenyewe.

Fidia sidai, na sitaki afukuzwe, maana kesho kuna watoto 26 wengine wanaomhitaji. Nadai faili. Mstari ule wa kalamu ya bluu ukatwe, paandikwe ukweli: saa tisa na dakika ishirini usiku, mama alileta maziwa, mililita 4.