Ruta gani ununue kama nyumbani mko wengi na bajeti ni ndogo

Kwetu Tabata tuko watu saba, ukijumlisha simu, TV mbili, laptopu tatu na kamera ya getini unafika vifaa kumi na tano hapo mgeni hajaja bado, na karibu mwaka mzima ikifika saa mbili usiku ni ugomvi. Mama tamthilia yake inazungukazunguka tu, dogo anasema gemu imemtupa nje, dada yupo kwenye kikao cha kazi Zoom na sauti inakatakata. Nikapandisha kifurushi cha faiba kutoka 20 Mbps mpaka 50 nikijua nimemaliza kazi. Wapi! Hali ile ile. Kumbe faiba ilikuwa inafika ndani vizuri kabisa, kinachokwama ni ile ruta ndogo ya bendi moja tuliyoificha nyuma ya TV.

Ndo maana nakwambia kabla hujashuka Kariakoo, pima kwanza. Chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye boksi la faiba, fungua fast.com uone. Kama kwa waya unapata ulicholipia na ukiwa chumbani kwa WiFi unapata robo yake, hapo ruta ndio shida, nunua. Kama hata kwa waya hupati, usipoteze hela yako, wapigie waliokuunganishia. Na spidi kubwa sana si lazima, Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inataka kama 5 Mbps na 4K inataka 15, kwa hiyo 50 Mbps nyumba nyingi inawatosha ikigawanywa vizuri.

Kugawanya ndio kwenye kazi sasa. WiFi ichukulie kama bomba moja la maji na watu wamepanga foleni na ndoo, kwenye chaneli moja vifaa vinapokezana, anachota huyu anatoka anakuja mwingine. Simu ya zamani iliyo chumba cha mwisho inachota kidogo kidogo kwa sababu mawimbi yanaifikia yamechoka, na muda wote huo wengine wote wanasubiri. Ruta ya bendi moja, ya 2.4 GHz peke yake, ina bomba hilo hilo moja, tena chaneli zisizoingiliana ziko tatu tu, 1, 6 na 11, na majirani zako wote wako humo humo. Nyumba ya watu wengi inataka bendi mbili, 2.4 na 5 GHz, hapo hatujadiliani.

Halafu kuna namba za kwenye boksi, na watu wengi wanapigwa hapa. AC1200 haimaanishi simu yako itapata 1200. Wamejumlisha 300 ya bendi ya chini na 867 ya bendi ya juu wakakuza kidogo, na hizo zenyewe ni za kwenye karatasi, kwa matumizi ya kawaida ukipata nusu yake shukuru. Mbaya zaidi ruta mbili zinaweza kuandikwa AC1200 zote na zisifanane hata kidogo. TP-Link Archer C50 ni AC1200 lakini matundu yake ya waya ni 10/100, maana yake hata ukilipia faiba ya 200 Mbps hutavuka 100. Archer C6 nayo ni AC1200 ila matundu yake ni ya gigabiti, yaani yanapitisha mpaka 1000 Mbps. Tenda wana habari hiyo hiyo, AC6 ni 10/100 na AC10 ni gigabiti. Muuzaji atakwambia "zote moja tu bosi", geuza boksi usome mwenyewe pale palipoandikwa WAN (tundu la kuingizia intaneti) na LAN (matundu ya kuchomeka vifaa vyako kwa waya).

Haya, mpangilio wangu huu hapa.

Ya kwanza kwa nyumba nyingi ni Archer C6. Bendi mbili, matundu matano ya gigabiti, inaweza kufanya kazi kama ruta au kama kisambazaji tu nyuma ya boksi la kampuni, na inapatikana kirahisi. Ndiyo niliyochukua mimi na ugomvi wa saa mbili umeisha, nikisema umeisha namaanisha umeisha, mama anaangalia tamthilia yake mpaka mwisho. Haina sehemu ya USB, kama unataka kuchomeka diski utafute C6U.

Ya pili ni Archer AX23, na kama hela inafika hii ndiyo bora kuliko C6, nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Hii ni WiFi 6, teknolojia iliyoanza kupewa vyeti rasmi 2019, na faida yake kubwa kwa watu kama sisi si spidi, ni kwamba inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa mkupuo mmoja badala ya kila kimoja kungoja zamu yake. Lakini simu nazo ziwe za WiFi 6. Kama nyumbani kwenu simu nyingi ni za miaka sita iliyopita, faida hiyo huioni leo, utaiona mkibadilisha simu.

Ya tatu Tenda AC10. Kazi inafanya, setingi zake ni rahisi hata mtu asiyejua anamaliza dakika kumi, ukiikuta bei iko chini ya C6 chukua bila wasiwasi.

Ya nne MikroTik hAP ac2, na hii naipenda sana ila siwezi kumshauri kila mtu. Ndio ukoo wa vifaa wanavyotumia wengi wanaouza WiFi za vocha mitaani, kwa hiyo mafundi wanaoijua hawakosekani. Unaweza kumwekea kila mtu kikomo chake, kwamba simu ya dogo isivuke 5 Mbps saa za kikao cha dada, na inatii. Lakini ukiifungua mwenyewe mara ya kwanza utapotea, kama huna fundi wa karibu iache.

Ya mwisho Archer C50, kwa mwenye kifurushi kisichofika 100 Mbps na ambaye hana mpango wa kupandisha. Zile TL-WR840N na WR841N za bendi moja ni nzuri kwa mtu anayeishi peke yake geto, kwa familia hapana.

Kama hamna faiba mnatumia laini ya simu, zote hizo juu hazina sehemu ya kuweka laini, nasema kwa sababu nimeona mtu karudi nayo nyumbani akaanza kutafuta pa kuchomeka. Nyie angalieni TL-MR6400 au, kama mfuko unaruhusu, Archer MR600 yenye bendi mbili. Na uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, jaribu na laini yako hapo hapo dukani.

Kuta zetu za bloku na zege ni adui wa 5 GHz. Ikipita ukuta wa kwanza inapungua, wa pili inaanza kukata, na wingi wa antena hauondoi hilo. Weka ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na mlango wa chuma. Nyumba ikiwa ndefu au ghorofa usikimbilie kununua kubwa zaidi, vuta waya wa Cat5e mpaka upande wa pili uweke ruta yako ya zamani kama kisambazaji, ni nafuu na inatulia kuliko vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudisha mawimbi. Waya uwe wa kopa tupu, ule wa CCA ni aluminiamu imepakwa kopa, unavunjika kirahisi na umbali ukiwa mrefu unaanza kusumbua.

Ukishaiwasha, badilisha pasiwedi ya kuingilia kwenye setingi na si ya WiFi peke yake, zima WPS (ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au namba ya PIN bila pasiwedi), apdeti programu yake, na wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni. Umeme wa kukatika nao usikukatishe tamaa, kuna UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, ila soma voti kwenye adapta kwanza kwa sababu nyingine zinataka 9V na nyingine 12V, na kumbuka boksi la faiba nalo linahitaji moto, ukiwasha ruta peke yake gizani haisaidii.

Dukani dai risiti ya EFD na waranti iandikwe, fungua boksi uangalie stika ya chini ina jina lile lile la nje, na waambie waiwashe. Zile Xiaomi za soko la China bei inavutia, lakini wakiiwasha ukakuta setingi zote ni za Kichina, irudishe kaunta kabla hujalipa.