Jaribu Uone: Miezi Mitatu ya Kupanga Gezaulole Kabla ya Kununua Kiwanja

Gezaulole, sehemu ya Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, ni neno la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Jina lilikuja na kijiji cha Ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipoletwa huku kutoka mjini waje walime. Kabla ya hapo pakiitwa Mbwamaji, na wazee wengine hadi leo huteleza ulimi wakapaita hivyo. Mimi nililichukua jina kama lilivyo. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kiwanja nilihamia, nikapanga miezi mitatu, Machi hadi Mei, masika yote. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyechoka kupanga Tandika, Mbagala au Buguruni, na ambaye kila akifungua simu anakutana na picha za viwanja vya Kigamboni.

Nieleze kwanza naishije, maana mtu akikushauri mahali pa kuhamia lazima ujue yeye mwenyewe anaamkia wapi na analala wapi. Mimi ni mshonaji, nina meza yangu na cherehani mbili Kariakoo. Baba watoto anaendesha lori la Tunduma, kwa hiyo nusu ya mwezi sipo naye. Tuna binti wa darasa la sita na mdogo wake wa miaka minne. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Tandika kwa shilingi 180,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia na nyumba tatu. Akiba yetu ya kiwanja ilikuwa milioni kumi, na ilituchukua miaka sita kuikusanya. Hela ya namna hiyo huiweki kwenye ardhi uliyoiona mara moja, saa sita mchana, jua kali, dalali pembeni akikuharakisha.

Gezaulole nilipata vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani kwa 100,000. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kama ilivyo desturi. Nilimweleza nia yangu, akakubali mitatu. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja. Binti tulimwacha kwa dada yangu Tandika asihame shule katikati ya mwaka, akawa anakuja Ijumaa jioni. Mdogo nilihama naye.

Nianze na usafiri, kwa sababu ndio unaoamua mambo mengine yote. Asubuhi ya kwanza niliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Bodaboda hadi barabara ya lami, daladala hadi Feri, pantoni, kisha basi la mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Gerezani, pale Kariakoo. Meza yangu niliifungua saa mbili kasoro dakika tano. Kutoka Tandika nilizoea dakika arobaini. Pantoni yenyewe haina shida ikiwa majini; kuvuka ni dakika chache, upepo mzuri, unaiona Posta yote mbele yako. Shida ni kuisubiri. Ukikuta geti linafungwa mbele yako na watu wamejaa eneo la kusubiria hadi nje, hesabu nusu saa imekwenda, na siku ambazo chombo kimoja ndicho kinachofanya kazi, hesabu zaidi ya hapo. Wenye magari wana daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016 kutoka Kurasini kuja Vijibweni, ila wao wanalipa tozo. Kwetu sisi wa daladala, njia ya darajani ni ya akiba pantoni ikigoma, na huko nako utabadilisha gari na kukutana na foleni ya malori ya bandarini.

Niliandika kila nauli kwenye daftari la oda. Bodaboda 1,000, daladala 700, pantoni 200, mwendokasi 750. Kwenda na kurudi ni 5,300. Tandika nilikuwa natumia 1,200. Kwa siku 26 za kazi, tofauti ni shilingi 106,600. Nilikuwa nimefurahia kwamba kodi imepungua 80,000. Nauli imeimeza yote na kudai 26,600 juu yake. Nilipomsomea baba watoto hesabu hiyo kwenye simu, yeye yuko Makambako, alinyamaza muda mrefu. Nami nilikuwa nimeshaanza kuvunjika moyo, kwa sababu wiki mbili zile mtoto nilikuwa namwacha amelala na kumkuta amelala.

Kilichobadilisha hesabu ni cherehani moja kuhamia nyumbani. Kariakoo nikawa naenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi: kupima wateja, kuchukua vitenge na vifungo, kukabidhi nguo. Siku nyingine nashona sebuleni, dirisha limefunguliwa. Nauli ikashuka hadi karibu nusu, na mwezi wa pili nilimaliza oda nyingi kuliko nilivyowahi kumaliza pale mezani, kwa sababu nyumbani hakuna anayesimama kupiga soga. Kwa hiyo nasema wazi: kama kazi yako inakutaka mjini siku sita, saa moja na nusu asubuhi, na huna usafiri wako, mimi nisingekushauri uhamie huku leo. Kodi ndogo itakudanganya. Kama unaweza kupunguza hata siku mbili za kuvuka maji, endelea kusoma.

Maji ya nyumba yetu yalikuwa ya kisima na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha nyingine, na nguo nyeupe ya mteja huwezi kuithubutu. Ya kunywa na kupikia nilinunua kwa madumu. Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi mkubwa wa visima virefu vya Kisarawe II, na mitaa iliyofikiwa na bomba inafurahia maji matamu kabisa. Lakini bomba halijafika kila kichochoro. Usikubali jibu la “maji yapo”. Fungua koki, kinga kwenye kikombe, onja. Kisha mwulize jirani, usimwulize mwenye nyumba.

Usiku mmoja wa Aprili mdogo alipandisha homa. Mvua inanyesha, baba yake yupo safarini, na mimi sijui mtu. Mama wa nyumba ya pili, ambaye tulikuwa tumesalimiana tu, alitoka na khanga kichwani, akampigia mjomba wake mwenye bajaji, akapanda na sisi. Tulifika Hospitali ya Vijibweni saa saba na robo usiku, mtoto akapimwa, ikawa malaria, tukarudi na dawa alfajiri. Mwenye bajaji alichukua hela ya mafuta tu. Nimeishi Tandika miaka tisa, sisemi kwamba watu wa Tandika ni wabaya, lakini nilikuwa nimeogopa sana upweke wa huku, na usiku ule hofu hiyo ilinitoka.

Sasa viwanja. Huku kuna namna mbili za ardhi. Kuna iliyopimwa, pamoja na ile ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, wenye Kibada, Gezaulole na kwingineko, ambayo ina namba, mawe ya mipaka na barabara zilizonyooka, na bei yake kwa akiba kama yetu ni ya kutazama tu. Na kuna mashamba ya wenyeji yanayokatwa vipande, mauziano yanaandikwa mbele ya mjumbe na serikali ya mtaa. Sisi tulikuwa watu wa mashamba.

Cha kwanza nilioneshwa mwanzoni mwa Machi. Ishirini kwa ishirini na tano, tambarare, udongo mweusi, milioni sita. Dalali alisema kuna wateja wawili wanakitaka, nilipe kishika mahali siku hiyohiyo. Nilikipenda kweli. Jioni nilimsimulia bibi jirani yetu, mwenyeji hasa, mwenye mwembe mkubwa uani. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa.

“Pale penye magimbi pembeni?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mwanangu, pale sisi tulikuwa tunalima mpunga.”

Sikulipa. Wiki ya pili ya Aprili nilivaa mabuti nikaenda kukitazama. Maji yalikuwa juu ya kifundo cha mguu, vyura wanalia mchana, na katikati ya kiwanja mtu alikuwa ameshateremsha tofali, zimezama nusu. Nilisimama pale nikimfikiria huyo mtu, nisiyemjua, na miaka yake ya kuweka akiba. Ningekuwa mimi. Ukiona magimbi au matete yamestawi yenyewe, huo ni mkondo wa maji hata kama leo pamekauka kama sahani. Na ukitaka kununua, nunua masika.

Cha pili bibi mwenyewe ndiye aliyenionesha, ni cha mpwa wake. Kiko juu kidogo, kwenye mchanga, mikorosho minne, ishirini kwa thelathini, milioni tisa. Mvua kubwa ya mwisho wa Aprili ilipita, mchanga ukanywa maji yote, asubuhi pamekauka. Upepo wa bahari unafika. Niliwauliza majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka, nikaenda serikali ya mtaa, kisha manispaa kuuliza kama mipango miji imepitisha barabara au eneo la wazi hapo. Hili la manispaa wengi hulipuuza. Wazee wa huku hawalipuuzi, kwa sababu wanaukumbuka mpango wa serikali wa kujenga Mji Mpya wa Kigamboni, ulivyowafanya wakae miaka bila ruhusa ya kujenga wala kuendeleza, wakisubiri fidia, mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Bibi ana chumba ambacho hakijawahi kuezekwa tangu wakati huo. Amepanda mpapai ndani yake.

Kila kitu cha kiwanja kile kilikuwa safi isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kuna njia inakikata. Kinjia cha miguu, kimekanyagwa kikawa kigumu kama sakafu, kinatoka kwenye nyumba za wenyeji, kinapita kati ya mikorosho miwili, kinateremka kwenda msikitini na shuleni. Asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu wanapita watoto wa shule na mifagio yao. Alasiri wanapita akina mama wanaorudi ufukweni na mafungu ya samaki. Mimi mwenyewe nilizoea kuwasimamisha hapo ninunue changu au kibua wa jioni, wabichi, macho yanang'aa.

Mpwa wa bibi alisema hiyo si njia rasmi, nijenge ukuta tu, watazunguka. Na ni kweli watazunguka, kwa sababu ndivyo wanavyofanya tayari. Ukitembea mtaa huu utaona kuta mpya zenye vigae vya chupa juu, geti jeusi, na nje ya ukuta kinjia kinachofika kikagonga tofali kisha kikapinda. Nilihesabu vinne. Bibi zamani alifika msikitini kwa kukatiza. Sasa anazunguka kwa fimbo kupitia barabara ya malori, na siku za mvua haendi. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Anasema ardhi waliiuza wao wenyewe, hela wamekula, wamesomeshea. Lakini niliona anavyosimama mbele ya ukuta wa mwisho uliojengwa, akiushika kwa kiganja kama anampima mtoto homa.

Baba watoto aliporudi tulikwenda pamoja, tukakaa chini ya mkorosho tangu asubuhi hadi adhuhuri, tukawahesabu watu waliopita. Thelathini na saba. Wote walitusalimia. Mmoja alituuliza kama sisi ndio wenye kiwanja, na alivyouliza nilijua anauliza kitu kingine.

Tulibishana siku mbili. Baba watoto ana hoja yake: ukuta ni usalama, mimi nalala peke yangu na watoto nusu ya mwezi, na kinjia ni watu wasiojulikana kupita dirishani. Siwezi kusema amekosea. Mwishowe tulishika kamba tukapima. Tukikisogeza kinjia kwenye mpaka wa mashariki, kikawa na upana wa hatua tatu, tunapoteza mkorosho mmoja na eneo la banda la kuku. Nyumba inabaki vilevile, na ukuta tunaweza kuujenga ndani ya hapo.

Kwa hiyo tunahamia. Ningeulizwa alama, usafiri ningeupa mbili kwa kumi kwa mfanyakazi wa kila siku na sita kwa mtu kama mimi, maji ningeyapa nne hadi bomba lifike kwetu, na majirani ningewapa kumi. Binti atamaliza darasa la saba Tandika kwanza. Meza ya Kariakoo naibakiza kwa siku tatu.

Jumatatu tulikaa serikali ya mtaa, mashahidi wawili kila upande, na nilimwomba mwandishi aongeze sentensi kwenye hati ya mauziano: upande wa mashariki kuna njia ya watu, hatua tatu, haitafungwa. Mpwa wa bibi alishangaa kwa nini mnunuzi anajipunguzia mwenyewe. Bibi alikuwa shahidi wetu. Hakusema kitu. Aliweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi, akaomba asomewe tena ile sentensi.